Ripita Iliyokufa kwa Baba Peke Yake

Jumamosi, 4 Mei

Leo nimeitoa redio ya Baba ya kuzungumzia kwenye droo. Miaka miwili imelala humo, tangu macho yake yalipozima kabisa na, kwa bahati mbaya, ripita ya kikundi chao cha redio nayo ikafa. Bila ripita ile ya mlimani kupokea sauti na kuirusha mbali, redio ya mkononi haifiki hata mtaa wa tatu. Wakati ule alikuja Baba Mdogo, akaisikiliza redio, akaiweka chini taratibu, akasema basi tena, ripita imekwisha, watu wametawanyika. (Si wa damu. Ni rafiki ya Baba wa miaka thelathini na mwenyekiti wa kikundi. Ndiye aliyenifundisha kulehemu nikiwa darasa la nne.)

Sasa kuna programu huria, wameiandika watu wa redio wenyewe. Unafuta ile ya kiwandani, unaweka hii. Inasema! Kila kitufe ukibonyeza kinajitaja. Kiswahili hakikuwemo, nikajirekodi mwenyewe chini ya blanketi: "Chaneli." "Betri." "Moja." "Mbili." Mama akauliza kama nina homa.

Kitaa cha juu ya redio kilikuwa kimebandikwa utepe mweusi. Nimeubandua.

Jumapili, 5 Mei

Nimeanza na redio yangu. Ikiharibika, iharibike ya mjinga. Kwanza nakala ya vipimo vya kiwandani — kila redio ina vyake, ukivipoteza umebaki na tofali. Kisha unashika vitufe viwili, unawasha, kioo kinabaki giza. Ikafika asilimia arobaini, ikaganda. Jasho! Kumbe kebo haijakaa sawasawa. Mara ya pili ikapita.

Ya Baba nimeiwekea programu baada ya chakula cha mchana. Akaiwasha, sauti yangu ikatoka: "Chaneli moja." Alicheka mpaka akashika mbavu. Akasema sasa ana mabinti wawili, na huyu mpya angalau anatii. Saa nzima anabonyeza tu. Sikumbuki mara ya mwisho kumsikia akicheka hivyo.

Jumanne, 7 Mei



Baba alikuwa anaoga, mimi najaribu redio yake. Kila ripita ina namba yake ya kufungulia. Redio yenye namba tofauti haitoi sauti yake hata kidogo. Programu ya kiwandani haikuachii nafasi ya kuipuuza namba hiyo. Hii mpya unaweza kuiambia isijali namba, isikie yote. Nikaiambia, majaribio tu.

Sauti za watu. Chaneli ya kikundi, ripita ile ile! Orodha ya waliosikika karibuni ina watu tisa, na wa kwanza ni Baba Mdogo. Redio ya Baba iko kwenye moja. Ripita iko kwenye saba. Mtu ameibadilisha, na mwenye ufunguo wa kule mlimani ni mmoja tu, mwenyekiti.

Nikarudisha ile ya moja nihakikishe. Kimya. Lakini kitaa cha kijani kinawaka kila mtu anapozungumza. Baba hawezi kukiona. Baba Mdogo siku ile alikiona. Aliishika redio mkononi inawaka, akasema imekwisha.

Na ule utepe je?

Jumatano, 8 Mei

Nimemuuliza Mama jikoni. Hakukana. Ameendelea kupanga sahani.

Anasema Baba alikuwa anasahau kidole kwenye kitufe cha kusemea. Mara mbili kikundi kizima kilisikia ugomvi wao wawili, yeye na Baba. Mara ya pili Mama alikuwa analia kwamba amechoka kumwogesha mtu mzima. Wiki ile mke wa mwanachama mmoja akampa pole dukani, mbele za watu. Mama akamwendea Baba Mdogo, akamwomba amtoe Baba hewani. Wakaona kubadilisha namba ni rahisi kuliko kumwambia. Utepe aliubandika Mama mwenyewe, nisije nikaona.

Nikamwambia wangeniuliza! Kuna mpangilio wa kukata sauti kitufe kikisahauliwa, kazi ya dakika moja. Akasema, "Na wewe ungeweza kumwambia kwa nini unauweka?"

Nikatoka. Nina hasira na wote wawili, na nyingine ni juu yangu mwenyewe.

Ijumaa, 10 Mei

Baba Mdogo kaja. Kaona redio kwenye goti la Baba. Kasema, bila kupepesa macho, "Mmeiamsha ya nini, kaka, na ripita hakuna?" Baba akasema anajichezea tu. Nikamkazia macho yule mtu mpaka akaomba maji. Sikumpa.

Jumapili, 12 Mei

Saa kumi wana kikao chao hewani. Nimeweka saba, na kikomo cha sekunde thelathini cha kukata sauti kitufe kikisahauliwa. Nilitaka kumweleza Baba kwanza. Nimemwambia asikilize tu. Naandika hapa mezani, mikono ipate kazi.

Baba Mdogo anaita majina. Baba anazitambua sauti moja moja — huyu fundi saa, huyu daktari wa meno. Ameuliza polepole ripita imepona lini. Nimesema haikuugua. Ameisogeza redio sikioni.

Wamefika kwenye jina la Baba. Baba Mdogo kasema, "Mzee wetu bado anapumzika, anawasalimu nyote kama kawaida." Kama kawaida! Salamu ambazo Baba hakuzituma, Jumapili baada ya Jumapili. Na wenzake wanajibu kwa zamu: mrudishie, mwambie tunamkumbuka.

Mama yuko mlangoni, mikono ina povu.

"Kuna mwingine kabla hatujafunga?" Baba Mdogo anauliza.

Baba amegeuza uso upande wangu. Anauliza kama namba niliyoweka ni ya kusikia tu au na kusema. Nimesema na kusema.

Mama amemwita kwa jina lake la ujana. Sijalisikia tangu nina akili.

Baba Mdogo anauliza mara ya pili kama kuna mwingine. Kidole cha Baba kiko juu ya kitufe. Amesema nimletee mama yangu kiti, akae hapa karibu naye kabla hajabonyeza. Nimeleta. Mama hajakaa.