Ndizi Zilizopanda Matombo

Jumanne usiku

Taifa litangaziwe: nzi wa matunda wa Matombo, watoto wa baridi ya mlimani, leo wamestahimili joto la maabara kama wenzao wa Kihonda, huku bondeni kwenye joto. Nikajiona Ijumaa mbele ya idara, nikieleza jinsi jeni zao za kukinga joto zilivyoongezeka nakala.

Mwenzangu Mwanaidi akauliza, "Kaka, ndizi za kutegea hao nzi ulinunua wapi?"

"Sokoni Kihonda. Zilikuwa zimeiva vizuri."

"Ukapeleka ndizi Matombo?" Alicheka mpaka akakaa chini.

Ijumaa naiogopa. Lakini ukweli nitausema: ndizi zilikuwa na mayai ya nzi tangu sokoni. Niliwapeleka nzi wa Kihonda matembezi mlimani, nikawarudisha, nikawapongeza kwa kulizoea joto la kwao.