Msuluhishi Nyumbani kwa Akina Mannion

Jumapili, 10 Septemba

Nimefika! Nyumba ya mawe, maili sita kutoka chuoni Galway, ng'ombe mpaka dirishani. Wenyeji wangu ni Bi Delia Mannion, miaka sabini na ushei, na kaka yake Mzee Christy, aliyemzidi miaka miwili. Kaka hakuoa, dada hakuolewa. Wamezaliwa humu humu, hawajahama. Na mbwa, anaitwa Toss.

Nikaulizwa chai. Nikasema hapana, asante, nimekunywa njiani. Bi Delia akaniangalia kama nimemtukania mama. Akauliza tena. Hapana. Mara ya tatu nikaanza kumweleza kwamba kwetu Iowa mtu akisema hapana huheshimiwa. Nilipomaliza kueleza chai ilishamiminwa, na keki, na paja la nguruwe, na viazi vya namna mbili. Haya. Nimejifunza: hapa hapana ya kwanza ni salamu, ya pili ni adabu. Ya tatu haisikilizwi na mtu.

Wanampenda sana mbwa wao. Wanaongea naye mezani, raha tupu.

Jumatano, 13 Septemba

Chakula cha jioni. Bi Delia: "Toss, mwambie huyo bwana viazi vinapoa." Huyo bwana yuko mkono mmoja kutoka kwake! Mzee Christy, macho kwenye gazeti: "Toss, mwambie nimesikia."

Nikacheka. Nikacheka peke yangu.

Jumamosi, 30 Septemba

Wiki tatu kamili nimechunguza. Hawasemezani. Hata neno. Si kwamba wamenuniana — hakuna mlango unaobamizwa, hakuna sahani inayosukumwa. Wanapishana jikoni kama watu wawili kwenye foleni ya benki. Bi Nuala, jirani, muuguzi mstaafu anayenipa lifti mjini, anasema ni miaka kumi na moja sasa, tangu mama yao afariki. Nikamuuliza wamegombania nini. Akatazama juu, akasema wingu lile lina mvua.

Na tangu leo Toss kastaafu. Kazi yake kapewa Mmarekani, yaani mimi.

"Shelby mpenzi, muulize kama anakwenda misa ya saa tatu au ya saa tano."

Namuuliza. Anafikiri. "Mwambie ya saa tano."

Namwambia Bi Delia. Anashukuru — ananishukuru mimi! "Mwambie basi avae lile koti zito." Koti lenyewe kashalitundika mbele ya moto lipate joto. Loo! Nimevuka bahari nzima kuja kuwa simu ya mezani.

Jumatatu, 9 Oktoba

Siku kubwa. Somo letu la usuluhishi wa migogoro lina kazi ya vitendo, asilimia sitini ya alama zote. Nikianguka, ufadhili kwaheri, narudi Iowa kumsaidia baba kuuza matrekta. Wenzangu wote wameng'ang'ania Belfast na vita vyake vya zamani. Mimi ninao mgogoro wangu jikoni, bure, na kifungua kinywa juu!

Nikampelekea wazo Daktari Gormley, mhadhiri wetu. Akasema nina moyo kweli. Akasema ni jambo la kufikirisha sana. Akasema yeye angekuwa mimi, pengine, huenda, angeliacha likae kwanza.

Amelipenda! Naanza kesho.

Jumamosi, 21 Oktoba

Naandika bila kujidanganya: maendeleo ni madogo.

Nilibandika kadi kwenye jokofu: "Ninahisi ____ pale wewe ____." Niliwaachia nafasi wajaze wenyewe. Leo nimekuta Bi Delia kajaza, orodha ya dukani. Ninahisi *mayai sita* pale wewe *unga, sabuni ya nguo*. Mzee Christy kaisoma, kavua miwani, kamgeukia mbwa. "Toss, hivi kweli hawa ndio waliokwenda mwezini?"

Nimewaalika tukae duara. Bi Delia kakumbuka kuku. Mzee Christy kakumbuka uzio.

Daftari langu la utafiti, ukurasa wa tisa, tabia za kukwepana: (a) Jumapili mzee hutangulia nje robo saa, akawasha gari mpaka kiti cha dada yake kipate moto, kisha akarudi ndani kimya. (b) Dada humwachia mzee kile kipande cha pembeni cha mkate, hata siku anazokitamani mwenyewe — nimemwona anakitazama. (c) Mzee akikohoa usiku, asubuhi kuna asali mezani upande wake. Hakuna anayesema ilikotoka.

Pembeni nimeandika: "Hali mbaya sana. Mawasiliano sifuri."

Jumapili, 5 Novemba

NIMEPATA KIINI!

Bi Nuala kanisimulia garini, wipa zinapiga kelele, nikabaki mdomo wazi. Marehemu mama aliandika wosia. Nyumba na shamba kamwandikia mmoja tu kati yao. Yupi? Hajulikani. Bahasha iko kwa wakili mjini, haijafunguliwa tangu mazishi. Miaka kumi na moja!

Nikasema haiwezekani.

"Inawezekana vipi isiwezekane?" Bi Nuala akasema. "Siku ya mazishi kila mmoja alimngoja mwenzake aulize. Nani aulize? Mama hajapoa kaburini, wewe unaulizia nyumba? Ikapita wiki, ukapita mwezi. Wakaanza kuogopa mazungumzo, maana mazungumzo huanzia kwenye hali ya hewa yakaishia kwenye bahasha. Basi wakaona afadhali wasianze."

"Lakini si wangefungua tu, wakajua?"

"Wakajua nini, mwanangu? Ikibaki imefungwa, wote wawili wenyeji. Ikifunguliwa, mmoja mwenyeji, mwingine mgeni. Mgeni anayekula viazi vya watu." Akapunguza mwendo, akaniangalia vizuri. "Funika kombe mwanaharamu apite. Umenielewa, Shelby?"

Nikamwambia nimemwelewa. Nimemwelewa vizuri mno! Ni ukosefu wa uwazi. Sura ya nne nzima ya kitabu chetu inazungumzia hili. Nimeandika daftarini: "Jamii inayowazunguka inaendeleza ukimya."

Alhamisi, 16 Novemba

Mpango: Siku ya Shukrani. Alhamisi ijayo, saa saba mchana, meza moja. Kwetu huliwa bata mzinga, na kila mtu mezani husema kwa zamu anachoshukuru. Hakuna anayeruka zamu. Hata mjomba wangu Duane, ambaye mwaka mzima hufungua mdomo kwa ajili ya bia tu, siku hiyo husema.

Mwenye bucha kagoma kuamini. Bata mzinga wa Krismasi? Novemba? Kaniuliza taratibu kama nyumbani kuna mgonjwa ambaye hatafika Krismasi. Wateja watatu nyuma yangu wakafanya ishara ya msalaba. Kufika nyumbani, Bi Delia alishapigiwa simu na watu wawili kupewa pole.

Nikamwalika. "Ah, usijisumbue." Nikamwalika mara tatu — najua sasa! Akakubali. Mzee Christy kasema nimwambie anayehusika kwamba Alhamisi hana la kufanya. Kwa hapa hiyo ni furaha ya kupindukia.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni ndiye mimi.

Jumatano, 22 Novemba

Bata haingii kwenye oveni. Mzee Christy kamkata miguu kwa msumeno wa mbao, kajikata na kidole. "Shelby, mpe hii plasta." "Shelby, mwambie si kitu." "Shelby, mwambie damu inadondokea sakafu yangu." Nimechoka. Kesho wataambiana wenyewe.

Alhamisi, 23 Novemba

Saa kumi jioni. Niko chumbani juu.

Niandike kwa mpangilio.

Saa saba tukakaa. Bi Delia kavaa blauzi ya Pasaka. Mzee Christy kanyoa, kafunga tai! Kaonja viazi vitamu vyangu, vile vya kupakwa peremende laini juu, akatafuna, akameza kishujaa. "Toss, kumbe kwao pudini huliwa na nyama." Bi Delia akainamia sahani, mabega yanatikisika. Nikaona hali nzuri, twende.

Nikaeleza zamu. Nikaanza mimi: nashukuru kwa makaribisho, kwa ukuaji wangu kama mtu, kwa safari yangu ya ndani. Wakatazama chumvi. Hakika nilikuwa kichekesho, naona sasa.

Zamu ya Bi Delia. Akapangusa meza iliyokuwa safi. Anashukuru kwamba mvua haikuwa kubwa sana. Nikampigia makofi.

Zamu ya mzee. Kimya. Saa ya ukutani, moto, mbwa anajikuna. Nikahesabu mpaka arobaini, maana kitabuni wamesema msuluhishi asikimbie ukimya. Nikajisifu moyoni kwa kutokimbia.

Kisha akasema, "Delia."

Hivyo tu. Kijiko kikamdondoka Bi Delia.

"Delia, nashukuru kwa chai. Ya asubuhi. Siku zote imekuwa nzuri."

Nikalia! Palepale, kamasi na yote. Bi Delia naye akashika leso, akaikunja, akaikunjua. Akasema, "Nilidhani unaiona kali." Akasema, "Nimekuwa nikijiuliza." Mzee akasema hapana, si kali. Akasema kikombe cha kwanza ndicho kinachomtoa kitandani siku hizi. Akasema goti la kushoto limekwisha. Akasema, "Na wewe kifua? Nakusikia unavyohema kwenye ngazi." Bi Delia akasema afadhali. Wakaanza hivyo, hatua kwa hatua, wakitazama sahani. Yule ng'ombe aliyezama mtaroni mwaka ule. Binamu yao wa Boston aliyekufa, kila mmoja akamlilia chumbani kwake. Ilikuwa kama bomba lililoshikwa kutu linavyoanza kukohoa maji. Wakacheka! Mimi nilikuwa natunga sentensi ya kwanza ya ripoti kichwani. Tisini kwa mia, nikasema. Tisini na tano.

Halafu mzee akaweka uma chini.

"Basi, maadamu tumeshaanza."

Bi Delia akasema, "Christy, usianze."

"Tumeshaanza, Delia. Nikinyamaza sasa itakuwa uongo. Mwanzoni haukuwa uongo, tulikuwa tumenyamaza tu." Sauti yake ilikuwa ya upole kabisa. "Ile bahasha ya mama."

Nikaona rangi ikimtoka Bi Delia usoni kama maziwa yanavyoshuka moto ukizimwa. Na hapo — hapo ndipo nilipoelewa, mpumbavu mie! Sikuelewa garini, sikuelewa kwenye koti lililotundikwa mbele ya moto. Nikaelewa nilipoona macho yao yakizunguka jikoni, kila mmoja anaiangalia ile nyumba kama ya mtu mwingine.

Nikasema kwa sauti kubwa, "Lakini leo si kuna baridi! Naona itanyesha!" Mimi! Nikasema kuna pai. Nikasema kwetu Iowa theluji ishaanguka. Hakuna aliyegeuka. Nikasema si lazima leo, si lazima hata mwaka huu, jambo likikaa linaiva. Daktari Gormley angenionea fahari. Toss peke yake ndiye aliyenitazama.

"Shelby, mwanangu," Bi Delia akasema, "nenda juu kidogo, mpenzi. Tunazungumza."

Tunazungumza!

Usimwamshe aliyelala. Nimelikoroga, na wa kulinywa si mimi. Mimi Desemba ishirini nina ndege.

Nawasikia chini. Wanaongea, wanaongea, Mungu wangu, hawanyamazi. Bi Delia anasema lazima mama alimwandikia Christy, kwa ajili ya shamba. Mzee anasema hapana, Delia ndiye aliyemuuguza mama. Kila mmoja anamsukumia mwenzake, kila mmoja analia. Sasa simu. Bi Delia anamwambia karani wa wakili kwamba ndiyo, kesho saa nne, watakuja wote wawili, ndiyo, gari moja.

Ngazi zinalia. Ni goti bovu, naijua hatua yake.

Kabisha hodi. Miezi miwili na nusu hajawahi kufika mlangoni kwangu. Kasimama, tai imelegea, kofia mkononi kama mtu aliyekuja ofisini. Kaniuliza, kwa adabu, kwa kuwa mimi nimeyasomea mambo haya: nyumba akishapewa mmoja, yule mwingine kwa kawaida huwa anakwenda wapi?

Nimemwambia anisubiri kidogo, namalizia kazi ya chuo.

Bado amesimama. Naandika. Kasema niandike tu, hana haraka.