Kaseti ya Mutuma na Mngurumo wa Kinu

Dodoma,
Jumapili jioni.

Kwa shemeji yangu, Mama Kendi,

Pokea salamu zangu, wewe na wote waliomo nyumbani hapo Kianjai. Kwanza niambie hali ya mama yetu. Je, goti limepoa, au bado anapanda shambani kwa ukaidi wake? Na mvua imenyesha? Huku ni upepo na vumbi. Mimi ni mzima, ingawa macho huchoka mapema. Hapa tunaporekodi vipindi vya Kiswahili vya redio wananiita Mwalimu, kwa sababu siipitishi sentensi iliyovunjika. Wacha waniite.

Sasa niseme lililonikalia moyoni. Uliponipigia simu ulisema, "Shemeji, nilikuomba mume wangu, ukaniletea mgeni." Kisha ukampa Kendi simu, naye akaniuliza polepole, "Baba mkubwa, huyo ni nani anaimba wimbo wa baba?" Leo ninalo jibu, nami naliandika kwa sababu kwenye simu sauti yangu ingekatika.

Kaseti uliyonikabidhi baada ya maziko, ndugu yangu Mutuma aliirekodi mwenyewe, ndani ya kinu chake cha kusagia mahindi pale sokoni, akiimba besi ili wenzake wa kwaya wajifunze. Ombi lako lilikuwa moja: katika ibada ya kumkumbuka asikike Mutuma, kinu kisisikike. Nilikuelewa. Unaamini kwamba vumbi la unga ndilo lililommaliza kifua, na tangu siku ile umekifunga kinu kwa kufuli, hata sokoni unapita njia ya nyuma.

Basi nilifanya kama ulivyotaka. Katika kompyuta tuna kichujio kinachoondoa sauti nzito kuanzia pale unapochagua. Waweza kukifanya kipunguze taratibu, kama shamba linaloteremka kuelekea mtoni, au kikate kwa ghafla, kama ukingo wa machimbo ya mawe. Mota ya kinu inanguruma chini kabisa. Nikachagua mkato wa ghafla, mngurumo ukatoweka wote. Niliona kazi imekwisha, nikakutumia diski.

Uliponipigia simu nilimwomba Bi Mwanaidi, fundi wa sauti wa hapa, aisikilize. Alisikiliza ubeti mmoja tu.

"Mwalimu, ndugu yako alikuwa mwembamba?"

"Alikuwa akibeba gunia la mahindi begani, peke yake."

"Basi umemnyoa mpaka ngozi. Kifua umekitupa, umebakiza pua na koo."

Akanieleza kwamba mkato mkali hauondoi kelele pekee. Sauti iliyo karibu na ukingo ule huvurugika: neno limekwisha, nayo bado inavuma kidogo, kama sufuria iliyogongwa. Tena Mutuma akishuka chini ya ukingo mwili wa sauti unapotea, akipanda unarudi. Ndiyo maana mlimsikia kama mtu aingiaye na kutoka mlangoni.

"Kwa nini ulikata juu hivyo?" akaniuliza.

"Kwa sababu mngurumo wa kinu unafika hapo."

Akaicheza kaseti yenyewe tangu mwanzo, isiyoguswa na kichujio, akanivisha vipokea sauti masikioni. "Haya, sikiliza. Kinu kinavuma. Sasa ndugu yako anaanza. Niambie, noti ya kuanzia ameichukua wapi?"

Mama Kendi, nikakumbuka Jumamosi zile wanakwaya walipokusanyika pale kinuni, nywele zimejaa unga, naye Mutuma ameinua mkono. "Sikilizeni mota," alikuwa akiwaambia. "Msiniangalie mimi. Hapo inapovuma ndipo pa kuanzia." Hawakuwa na kinanda. Mimi nilipokuja likizo niliwakaripia kwamba nyimbo za ibada hazifundishwi katikati ya pumba. Mutuma akacheka, akasema, "Kaka, hii mota haijawahi kuimba vibaya kama wewe."

Basi ndivyo ilivyo. Sauti yake na mngurumo ule viko mahali pamoja. Kila nilipokikata kinu nilimkata yeye.

Nimeifanya upya. Safari hii nimeanzia chini zaidi, kwa mteremko wa taratibu. Kinu kimerudi nyuma, kama kinachosagia kwa jirani, lakini hakikuondoka. Mutuma naye amerudi na kifua chake. Baada ya ubeti wa pili anakohoa. Kikohozi kile ningeweza kukitoa, ila mkono ulikataa. Nakuambia mapema ili kisikushtue mbele ya watu.

Kaseti yenyewe nairudisha pamoja na diski hii, ikae kwako. Kama huwezi kuvumilia kusikia kinu, ibada na iendelee bila wimbo huu, wala sitakulaumu. Ila diski ile ya kwanza usiicheze tena. Hakuna mtu mle.

Nisalimie mama yetu, umwambie namwomba apumzishe goti. Nisalimie Mwiti, kiongozi wa kwaya, aliyetuchimbia kaburi tangu alfajiri bila kuitwa. Kendi mwambie swali lake lilikuwa sahihi na nimelijibu.

Jambo la mwisho. Sikilizeni kwanza nyumbani, wewe na binti yako, mlango ukiwa umefungwa. Mwanzoni utasikia kinu peke yake, na najua mkono wako utakwenda kuzima. Usizime. Subiri kidogo. Hutaweza kusema kinu kimeishia wapi na Mutuma ameanzia wapi, lakini yumo.

Ni mimi shemeji yako, mkubwa wa marehemu,

Mwalimu Mbaabu