Benchi la Siku ya Sindano

Jumanne, 6 Machi 1984
Siku ya sindano. Zahanati imejaa tangu alfajiri. Friji ya mafuta ya taa imezimika, mafuta hakuna, chanjo ya surua imepata joto. Nimeimwaga yote. Nikasimama mlangoni kuwaambia akina mama warudi Jumanne ijayo. Kadzo alikuja kwa miguu kutoka upande wa Ganze, mwanawe Sidi mgongoni, miezi tisa. Hii mara yake ya pili kurudishwa. "Haya, Sista," basi. Afadhali angenitukana.

Alhamisi, 8 Machi
Barua yangu ya tatu kwa ofisi ya afya mjini: naomba debe moja la mafuta. Jibu kaleta dereva kwa mdomo. Nisubiri. Gari lina kazi, linabeba vitanda vya wodi mpya ya watoto mjini. Vitanda!

Jumanne, 13 Machi
Mafuta yamefika. Chanjo haikufika. Gari limekwenda kuchukua viti vya wageni wa ufunguzi wa wodi. Nimewaweka akina mama hadi adhuhuri, nikidhani litatokea. Benchi ni moja, wazima na wagonjwa bega kwa bega. Kando ya Kadzo na Sidi mtoto wa watu anakohoa, macho mekundu. Nilimwona. Nikasema moyoni ni mafua tu.

Alhamisi, 29 Machi
Sidi ana surua, imeshuka kifuani. Nimemleta mjini mwenyewe. Wodi inanuka rangi. Shuka nyeupe, dripu, mtungi wa oksijeni, daktari na wauguzi wawili juu ya mtoto mmoja. Kumbe vitu vipo! Mkubwa mmoja akanitembeza kunionyesha madirisha. Nilitaka kumtemea mate. Mtoto huyu hakuhitaji kitanda. Alihitaji friji iwake. Na benchi ni langu, mimi ndiye niliyemkalisha pale.
Kadzo akanitolea kadi ya kliniki, kaikunja vizuri ndani ya leso. "Sista, hapa sindano ipo?"
Nikatoka nje.

Jumapili, 1 Aprili
Sidi kazikwa jana. Sikwenda. Sina uso wa kumtazama mamake.

Jumanne, 10 Aprili
Friji inawaka. Chanjo ipo. Kadzo amekuja, kambeba mtoto wa dadake. Nikamwonyesha nafasi kwenye benchi. Akatikisa kichwa, akaenda kuketi chini, mbali na wenzake, juani.
Nimemfuata huko huko na sindano.