Moyo Tuliouchora Bila Kuuona

Wanyange, Jinja
Jumapili jioni

Baba mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na Mama na wote wa hapo kwenye laini, nyumba za askari magereza. Mguu wako unaendeleaje? Shangazi anasema baridi ya asubuhi ya huko Mbale haiwezi kuuacha upone, na kwamba ukienda kazini uvae soksi mbili. Mimi ni mzima. Shangazi naye ni mzima, bado anakaanga samaki wake, na nguo zangu zote zinanuka samaki, hata zile za kanisani.

Afande dereva wa gari la magereza alinifikishia ujumbe wako. Alisema, "Mzee anasema nafasi ya chuo cha wauguzi imepatikana, urudi nyumbani kabla ya mwezi kwisha." Nilimshukuru tu. Baba, unajua kusema kwangu ni shida, ndiyo maana naandika. Naomba usome mpaka mwisho kabla hujaamua.

Nilipopewa kazi ya usaidizi wa maabara katika shule yangu ileile, nilidhani nitaosha chupa na kufagia tu. Lakini Mwalimu Isabirye, aliyenifundisha bayolojia, alikuwa amekonda sana na sauti yake ilikuwa imekwisha. Watu mtaani walisema ni malaria. Yeye hakusema malaria. Alisimama mbele ya Sinia Nne, wale watakaofanya mtihani wa taifa mwaka huu, akautaja ugonjwa wake kwa jina lake, UKIMWI, kwa ile sauti ya kukwaruza. Kisha akasema, "Sasa mnajua. Tuendelee na somo."

Vitabu vya sayansi tunavyo vichache, na vingi vimechanika. Kitu tulichonacho ni kompyuta moja ambayo wafadhili waliiletea shule. Iko katika ofisi ya mhasibu, kwa sababu huko ndiko kwenye simu. Kompyuta yenyewe inapiga simu, inapiga kelele kidogo, halafu unaweza kusoma kurasa ambazo walimu wa nchi nyingine wameziweka kwenye mtandao ili yeyote afundishie. Ni ajabu, Baba. Mtu asiyetujua ameeleza jinsi ya kuotesha maharage kwenye pamba, jinsi ya kupasua jicho la ng'ombe, kila kitu, bure. Lakini mtu akiinua simu ya ofisi ya pili, yote yanakatika. Umeme nao unakatika, ingawa mitambo yake iko hapa hapa mtoni.

Picha ndizo zinazochelewa zaidi, kwa hiyo Mwalimu alizizima, tukawa tunachukua maneno peke yake. Mahali pa picha panabaki sanduku tupu. Yeye alichagua kurasa, mimi nikazinakili kwenye karatasi kubwa za manila na kuchora picha kwa kufuata maneno. Darasani alikaa kwenye kiti karibu na mlango, mimi nikasimama na kusoma. Mtu asiye na sauti alimchagua mtu mwenye sauti ndogo. Wavulana wa nyuma walikuwa wakipiga kelele, "Kaza sauti, Madamu! Huku nyuma ni Iganga!" kana kwamba wamekaa mji mwingine. Mwalimu alicheka mabega yakitikisika, bila mlio.

Somo la moyo ndilo ninalotaka ulijue. Ukurasa ulisema kwamba chumba cha chini cha kushoto kina ukuta mnene, kwa sababu ndicho kinachosukuma damu mwili mzima. Sanduku la picha lilikuwa tupu. Nilichora moyo mkubwa, ukuta mnene nikauweka upande wa kushoto wa karatasi. Macho ya Mwalimu yalikuwa yameshapungua nguvu, akaupitisha. Darasa zima likanakili.

Wiki iliyofuata tulipata mioyo ya ng'ombe kutoka kwa muuza nyama, ili wanafunzi waipasue kwa mazoezi ya mtihani. Asubuhi ile Mwalimu hakufika. Nilitamani kuirudisha mioyo bucha, lakini nyama haingojei. Niliwaambia waiweke kama ukurasa ulivyosema, sehemu ya mbele iwatazame, kisha waibonyeze kwa vidole. Wakabonyeza.

"Madamu, huu umegeuka. Ugumu uko kulia."

"Na wetu pia!"

"Labda ng'ombe alikuwa anatembea kinyumenyume."

"Au Madamu ndiye anayetembea kinyumenyume!"

Walicheka, Baba. Sisi tunafundisha kwa Kiingereza, lakini siku ile walicheka kwa lugha zote. Nilitazama mlango, kiti cha Mwalimu kilikuwa kitupu, na nilitaka kutoka nje nisirudi tena. Msichana mmoja wa mbele, Nabirye, hakucheka. Aliniuliza polepole, "Sasa kwenye mtihani tuandike upande upi?"

Hapo sikuweza kuondoka. Nilimwomba asimame anitazame, aweke mkono mahali moyo wake unapopiga. Aliuweka kushoto kwake. Na mimi niliyemtazama, mkono ule niliuona kulia kwangu. Ndipo nikaelewa. Kushoto ni kwa mwenye moyo, si kwa anayeutazama. Aliyeandika ukurasa ule alikuwa na picha pembeni, kwake hapakuwa na la kueleza.

Nikasema, "Mchoro wangu una kosa. Futeni."

"Kaza, Madamu!"

Nikakaza. Nikasema tena mpaka wakasikia hadi Iganga. Nikaigeuza ile manila, nikachora upya mbele yao, nao wakachora, kisha tukapasua mioyo na kila mmoja akatia kidole chake kwenye ukuta ule mnene.

Jioni nilikwenda nyumbani kwa Mwalimu kumwambia. Mkewe alinikaribisha, akaniwekea kigoda karibu na kitanda. Nilieleza yote, nikalia pia. Ilibidi niiname ndipo nimsikie.

"Walipokucheka, ulikaa au ulisimama?"

"Nilisimama, Mwalimu."

"Basi. Mimi mwaka wangu wa kwanza nilikimbilia chooni."

Mkewe alicheka, akageukia ukutani kufuta machozi. Kisha Mwalimu akaniambia, "Picha, sasa uziwashe. Hata zikichelewa, ungoje." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu. Tulimzika Jumamosi iliyopita kijijini kwao. Sinia Nne walikuja na sare zao, wavulana wale wa nyuma ndio waliobeba jeneza, na hakuna aliyepiga kelele.

Mkuu wa shule ameniita. Amesema mwalimu mwingine wa bayolojia hatapatikana mwaka huu, ameshauliza kila mahali. Ameniomba niendelee na kurasa mpaka mtihani. Nilimjibu kwamba nina baba, na kwamba nitamwuliza. Zimebaki mada za figo, jicho na mbegu. Picha nimeziwasha. Zinashuka mstari kwa mstari, polepole, na mhasibu anasimama nyuma yangu akiuliza, "Simu hii ni ya shule au ni ya figo?" Nami nangoja. Kila ukurasa naukagua kwa kitu chenyewe kabla ya kuufundisha.

Najua nafasi ya chuo umeitafuta kwa taabu, na kwamba uliongea na watu ambao hupendi kuongea nao. Uuguzi siukatai. Ninachokuomba ni umwombe mkuu wa chuo nianze na kundi linalofuata. Akikataa, nafasi ile itakwenda kwa mwingine, nami sitakulaumu wala kulalamika. Ukisema nirudi sasa, nitarudi, kwa kuwa sijawahi kukuvunjia neno.

Nisalimie Mama, mwambie gomesi aliyonishonea ndiyo niliyovaa mazishini. Nisalimie mdogo wangu Apio, asome sayansi, asiogope. Nisalimie Bibi wa Nakaloke anayetuletea mihogo, na yule sajini jirani yetu mpiga ngoma wa kanisa.

Baba, umekuwa askari magereza tangu kabla sijazaliwa. Nakumbuka usiku ule uliochelewa sana kurudi, Mama akagomba, nawe ukamwambia kwamba askari haachi lindo kabla ya mwenzake kufika kumpokea, hata zamu yake ikiwa imekwisha. Hapa, Baba, bado hajafika mtu.

Nasubiri neno lako.

Ni mimi binti yako,
Akello