Nyungunyungu Kwenye Kifuniko

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu za kaka yako. Natumaini wewe na shemeji mko salama, na kwamba goti lako limeacha kukusumbua. Mimi mwili ni mzima. Ninakula, ninalala, na hakuna anayenikosea adabu.

Uliniuliza ninashughulika na nini tangu mwanangu anilete hapa ghorofani. Ninafuga nyungunyungu. Wanakaa jikoni ndani ya pipa la plastiki, wanakula maganda ya mboga, na kinachobaki ni mboji ya maua ya mkwe wangu. Usicheke, wanataka malezi kuliko mbuzi.

Mwezi uliopita pipa lilianza kunuka, na tulipofunua tuliwakuta wamejazana kwenye kifuniko. Mkwe wangu alisema wageni wangu wanataka kuhama bila kuaga. Nilifinya konzi ya mboji. Badala ya tone moja au mawili, maji yalichuruzika kama ya tambara la kudekia. Nilipouliza, ilibainika kwamba mwanangu huwanyunyizia maji asubuhi, mkewe jioni, nami adhuhuri, kila mmoja akiwahurumia kivyake. Manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Nilitoboa matundu chini, nikachanganya vipande vya boksi kavu, nikaacha kifuniko wazi kidogo. Mwanangu hakuridhika. Alikigandamiza kwa tofali, akasema wakitoka watafia sakafuni. Nilimweleza kwamba hawatoroki kwa utundu, bali wanakosa hewa. Maji yakipungua watashuka wenyewe. Alinijibu kwa upole kwamba nisijichoshe, atashughulikia yeye. Siku hizi hilo ndilo jibu lake kwa kila jambo.

Sasa nikueleze lililonifanya niandike. Uliambiwa kwamba nilipotea, nikakutwa ngazini nimechanganyikiwa. Sikupotea. Nilikuwa na begi langu, ninakuja kwako. Tangu siku hiyo, wakienda kazini hufunga mlango kwa nje. Wananipenda, hilo silikani, na ndiyo maana sijui nimlaumu nani. Barua hii ninampa jirani yetu, fundi cherehani, kupitia nondo za dirisha la upande wa ngazi.

Nakuomba uje unichukue.

Nisalimie shemeji na watoto wote. Nawe uje Jumapili, wenyewe wakiwapo, maana siku nyingine utabisha hodi, nami nitakuitikia nikiwa ndani, nisiweze kukufungulia.

Ni mimi,
Kaka yako