Jiwe la Kusagia mu Salon

Neema, mutoto wa kaka yangu,

Siye tuko wazima. Mutoto wangu mudogo anaota meno, basi mimi silali. Unauliza kama utupilie mbali kigoda cha koko wako, bibi yako, kwa sababu rafiki zako wa Kisangani wanakicheka.

Nilipoolewa hapa Bunia, nilileta jiwe la mama la kusagia kutoka kwetu Bule. Nikaliweka mu salon ya nyumba yetu, juu ya kitambaa cha kroshe, karibu na televizyo. Dada ya bwana wangu akalitoa nje mbele ya wageni. "Weye, tutasaga televizyo?"

Nikalirudisha mwenyewe, na mimba yangu. "Jiwe hili lilinilisha. Likitoka, na mimi natoka."

Liko palepale mpaka leo.

Weka kigoda pembeni ya kochi lako jipya. Atakayecheka, mukalishe hapo.

Tantine wako